Pumzi Isiyotoka

Kijana yule aliletwa saa nne kasoro usiku kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na kaka yake asianguke. Alikuwa fundi cherehani. Walimwinua kwenye kiti cha kushonea wakamleta kama alivyokuwa, futi kamba bado ikining'inia shingoni. Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, na inhela yake ilikuwa imeisha tangu mchana. Alipofika hakuweza kutamka maneno mawili bila kusimama katikati.

Tulifanya yale tuliyofundishwa. Salbutamoli ya mvuke mara tatu mfululizo, haidrokotisoni kwenye mshipa, kisha magnisi. Kila nilipomsikiliza kifua kilikuwa kinapiga miluzi, halafu miluzi ikaanza kupungua, nami nikaona ni nafuu. Haikuwa nafuu. Kifua cha pumu kikinyamaza, maana yake hewa inayopita haitoshi tena hata kupiga mluzi. Saa sita kasorobo kijana alianza kusinzia, kichwa kikaangukia mbele, na kipimo cha kidoleni kikasoma 81.

Mashine ya kupumulia tulikuwa nayo. Ililetwa miaka ya Uviko-19 na tangu hapo ilikuwa imekaa pembeni mwa chumba cha wagonjwa mahututi, imefunikwa shuka. Fundi aliyekuja kuifunga alitupa mafunzo ya saa mbili: wapi pa kuwashia, wapi pa kuchomeka oksijeni, wapi pa kunyamazishia kengele. Mimi nilikuwa daktari wa kawaida, mwaka wa pili kazini, na daktari wetu wa usingizi usiku ule alikuwa safarini.

Mpira wa koo niliuweka mwenyewe, ukaingia mara ya kwanza. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonidanganya. Kwa daktari kijana kuingiza mpira ndio mtihani wenyewe. Ukishapita unafuta jasho, unamkabidhi mgonjwa kwa mashine, unahisi umefikisha mzigo. Kumbe ndio kwanza umejitwisha.

Skrini ilinidai namba nne. Kila pumzi iwe mililita ngapi. Pumzi ziwe ngapi kwa dakika. Oksijeni iwe asilimia ngapi. Na lile shinikizo linaloachwa kifuani mwisho wa pumzi ili vifuko vya hewa visijifunge, ambalo mashine huliandika PEEP. Nilimkadiria kwa macho kilo 75, nikazidisha kwa 8, nikapata mililita 600. Pumzi nikaweka 16, oksijeni 100, na PEEP nikaiacha kwenye 5 kama nilivyoikuta.

Baada ya muda mfupi kipimo cha hewa ukaa kwenye mpira kilisoma 78. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya 35 na 45. Kanuni niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu: hewa ukaa ikipanda, ongeza pumzi. Nikapandisha hadi 20. Hewa ukaa haikushuka, na kengele ya shinikizo ikaanza kulia. Nikapandisha hadi 24, kisha 28, na kile kikomo cha kengele nikakisogeza juu ili inyamaze.

Sista wa zamu alikuwa mama wa makamo, mtu aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijaanza shule ya msingi. Alisimama upande wa pili wa kitanda, akasema kwa sauti ya chini, "Dokta, kifua chake hakishuki."

Nilimsikia. Nikamjibu kwamba mashine inaonyesha hewa inaingia vizuri.

Presha ilikuwa 118. Ikawa 84. Kilipopima tena, kipimo hakikutoa namba. Nikaagiza dripu ifunguliwe yote, nikidhani ni dawa za usingizi zimemshusha. Adrenalini ikaingia. Nikagusa shingo nikakosa mapigo, tukaanza kukandamiza kifua, na wakati wote huo mashine tuliiacha ikisukuma pumzi 28 kila dakika, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kitu kinachompa hewa kinaweza kuwa ndicho kinachomuua.

Mtu mmoja alinishikia simu sikioni. Nikamwamkia daktari wa usingizi, shikamoo, na yeye hakuitikia.

"Bado yuko kwenye mashine?"

"Ndiyo, bosi."

"Mtoe. Chomoa mpira kwenye mashine sasa hivi, usimwekee kitu chochote. Mwache atoe hewa."

Sista aliufikia mpira kabla yangu.

Hewa haikutoka kwa kishindo. Ilitoka kama tairi ya baiskeli iliyotobolewa na mwiba, sauti nyembamba na ndefu, inaendelea, inaendelea. Sista alilaza kiganja juu ya kifua na kiganja kikawa kinashuka polepole pamoja na mbavu. Nilijikuta nahesabu. Nilifika 20 na bado ilikuwa inatoka. Kisha, chini ya vidole vyangu shingoni, mapigo yakarudi.

Nimefundisha madaktari wengi tangu usiku ule, wengi wao watu wa wodi za kawaida, wa upasuaji, wa watoto, waliojikuta wamesimama mbele ya mashine hii bila kuwa wamesomea wagonjwa mahututi. Huwa naanza na hesabu ya 28, maana ndani yake mna kila kitu.

Dakika moja ina sekunde 60. Ukizigawa kwa pumzi 28, kila pumzi inapata sekunde 2 na kidogo, na humo ndimo kuingia na kutoka vyote vienee. Sekunde 1 ilitumika kuingiza. Ikabaki sekunde 1 na nukta ya kutoa. Wewe na mimi inatutosha, kwa sababu mapafu yetu hujikunja yenyewe kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Lakini mgonjwa wa pumu njia zake zimebana, zimevimba, zimejaa makohozi mazito. Hewa iliyosukumwa ndani kwa nguvu ya mashine haina nguvu kama hiyo ya kuisukuma itoke. Tuseme kila pumzi ilibakiza mililita 30 tu, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa. Kwa pumzi 28 ni mililita 840, na hiyo ni dakika ya kwanza. Kifua kitaendelea kujaa hadi shinikizo la ndani lifikie mahali ambapo lenyewe linailazimisha hewa itoke. Ni daladala ya saa kumi na mbili jioni: kila kituo wanapanda watano na wanashuka watatu, na konda bado anasema kuna nafasi.

Kifua kikijaa hivyo, kinachoumia kwanza ni damu inayorudi kwenye moyo. Mishipa mikubwa inayoirudisha ni laini na huminywa kirahisi. Shinikizo la kifuani likizidi, damu hairudi, moyo unabaki unapiga bila cha kusukuma, na presha inaanguka. Ukiwa hujui, utaona mgonjwa aliyeishiwa maji au aliyezidiwa na dawa. Utampa maji. Utampa adrenalini. Vyote hivyo havifiki, kwa kuwa mlango umefungwa na aliyeufunga ni wewe.

Angekuwa na pumzi 10 kwa dakika, kila moja ingepata sekunde 6: moja ya kuingia, tano za kutoka. Hilo ndilo fundi cherehani yule alilohitaji. Pumzi ndogo, chache, ziingizwe upesi ili muda mwingi ubaki wa kutoa. Uwiano wa kuingia kwa kutoka uwe 1 kwa 4 au 1 kwa 5. PEEP iwe ndogo, kati ya 0 na 5. Alazwe usingizi mzito asipigane na mashine, na ketamini inafaa hapo kwa kuwa inasaidia pia kufungua njia za hewa. Salbutamoli iendelee kwenye mpira, kwa maana mashine haitibu pumu. Inampa dawa muda wa kufanya kazi, basi.

Na hewa ukaa ya 78? Unaiacha. Hili ndilo gumu kuliko yote kumshawishi daktari anayeiangalia namba ikiwaka nyekundu. Kama oksijeni inatosha na pH ya damu haijashuka chini ya 7.2 au karibu na hapo, na kama hana jeraha la kichwa, hewa ukaa iliyopanda mwili huivumilia kwa saa nyingi. Shinikizo la kifuani haulivumilii hata robo saa. Mimi nilikuwa naifukuza namba ambayo isingemuua, nikamtengenezea ile ya kumuua.

Sasa, ile kanuni niliyoifuata haikuwa ya uongo, na ndiyo maana naihesabu kuwa ya hatari. Imeokoa watu wengi. Ilipata nguvu Copenhagen mwaka 1952, hospitali ya Blegdam, wakati polio ilipoingia mji ule kwa ukali ambao haukuwahi kuonekana huko. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua na kumeza walikuwa wanakufa karibu wote. Katika wiki tatu za mwanzo, kati ya 31 walikufa 27. Mapipa ya chuma ya kupumulia yalikuwa machache mno na hayakuwafaa sana wagonjwa wa aina ile. Vipimo vya damu zao vilionyesha kaboni imezidi, na madaktari wakaisoma kama tatizo la alkali ambalo hawakulielewa. Aliyelisoma sawasawa ni Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi aliyeitwa na mkuu wa hospitali, Lassen. Alisema hewa ukaa imejaa kwa sababu haitolewi: wagonjwa hawapumui vya kutosha. Tarehe 27 Agosti akamtoboa koo, au tuseme akasimamia atobolewe, msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, akamuunganisha na mfuko wa mpira, akaanza kumpumulia kwa mkono. Msichana akaishi.

Baada ya hapo wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakakaa kwa zamu usiku na mchana vichwani mwa wagonjwa, kila mmoja anaminya mfuko wake. Vifo vikashuka sana. Wengi wanahesabu kuwa chumba cha wagonjwa mahututi kama tunavyokijua leo kilizaliwa pale.

Kwa wagonjwa wale kanuni ilikuwa kweli tupu. Mapafu yao yalikuwa mazima, njia zao wazi. Kilichokufa ni misuli. Ukiwaongezea pumzi, hewa ukaa inatoka. Mapafu ya fundi wangu yalikuwa kinyume chake: misuli ilikuwa inahangaika kupita kiasi, njia ndizo zilizofungwa. Namba moja, wagonjwa wawili, tiba mbili zinazopingana. Skrini haina njia ya kukueleza uko kwa yupi.

Tena wanafunzi wale walikuwa na kitu ambacho mimi nilikuwa nacho nikakiacha: viganja. Ukimpumulia mtu kwa mfuko, mkono unakuambia. Pafu likiwa gumu unasikia ugumu. Hewa isipotoka, mfuko unakugomea pumzi inayofuata. Mashine haigomi. Ukiiagiza mililita 600, itazisukuma kwa shinikizo lolote itakaloruhusiwa, na ukisogeza kikomo cha kengele kama nilivyosogeza mimi, umeifunga mdomo.

Ndiyo maana amri ya kwanza ninayompa daktari mgeni wa mashine ni hii: mgonjwa akibadilika ghafla, mchomoe, mpumulie kwa ambu begi, taratibu, huku unasikiliza mkono wako. Ambu begi, mfuko wa kuminya kwa mkono uliobuniwa Denmaki na Ruben na Hesse mwaka 1956, ining'inie kwenye kila kitanda chenye mashine, isiwe kabatini wala chumba cha jirani. Akipata nafuu kwa mkono, tatizo liko kwenye mashine, kwenye mipira yake au kwenye namba zako. Asipopata, tatizo liko kwake. Angalia mpira wa koo kwanza: kwenye meno usome kama sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume. Ukizama zaidi unaingia pafu la kulia peke yake. Pitisha mrija wa kunyonya makohozi, na kama haupiti, mpira umeziba. Sikiliza pande zote mbili. Upande ulionyamaza, kifua kimevimba na presha inaanguka, hapo kuna uwezekano pafu limetoboka na hewa imejaa nje yake, na hiyo haisubiri picha. Lakini kwa mgonjwa wa pumu anza na kumwachia atoe hewa. Nusu dakika, hadi dakika nzima. Nayo haigharimu kitu.

Yako mambo mawili skrini inaweza kukwambia ukijua pa kuangalia. Kuna mstari wa mtiririko wa hewa: unapanda hewa ikiingia, unashuka chini ya sifuri ikitoka, kisha unatakiwa urudi sifuri kabla ya pumzi nyingine. Ukiona pumzi mpya inaanza na mstari haujarudi, hewa inabaki ndani. Mstari huo ulikuwa mbele ya macho yangu usiku ule, rangi ya kijani, na kila mara ulikatwa katikati. Jambo la pili ni shinikizo. Lile linaloandikwa kubwa kwenye skrini ni la kilele, na ndani yake mna nguvu ya kupenya kwenye njia nyembamba. Kwa mgonjwa wa pumu linaweza kufika 50 na vifuko vya hewa visiwe na habari. Linalovifikia vifuko utalijua ukibonyeza kitufe cha kusimamisha pumzi baada ya hewa kuingia, mashine ikatulia nusu sekunde hivi, na namba ikashuka na kutulia. Hiyo ndiyo isizidi sentimita 30 za maji. Kitufe kingine husimamisha mwisho wa kutoa, na kinakuonyesha ni kiasi gani kimenaswa.

Narudi kwenye mililita 600, kwa sababu kosa lile lingeweza kumwangamiza mgonjwa mwingine kwa njia nyingine. Mapafu hayanenepi. Mtu akiongezeka kilo 30 anaongeza tumbo na mapaja. Mapafu yanabaki yale aliyoyapata alipomaliza kurefuka. Kwa hiyo kiasi cha pumzi hupimwa kwa urefu. Kwa mwanamume unaanza na 50, kwa mwanamke 45.5, unajumlisha 0.91 kwa kila sentimita iliyozidi 152.4. Jibu ndilo kilo zinazohesabiwa, na kila kilo unaipa mililita 6, kwa baadhi ya wagonjwa hadi 8.

Sista alimpima fundi asubuhi yake, kuanzia utosini hadi kisiginoni: sentimita 170. Ni kilo 66, na kwa mililita 6 ni kama 400. Nilikuwa nimempa nusu tena zaidi ya hapo. Alimpima kwa ile futi kamba ya fundi mwenyewe, ambayo sista alikuwa ameikunja na kuiweka kwenye mfuko wa vitu vya mgonjwa. Kipimo nilichokihitaji alikuja nacho shingoni.

Sasa mchukue mama wa kilo 95, urefu sentimita 155, nimonia kali, mapafu yote mawili meupe kwenye picha. Daktari anayefuata mizani anampa mara 8, mililita 760. Kwa urefu, kilo zake ni 48, na pumzi yake ni mililita 290. Na katika mapafu yake yaliyojaa maji, sehemu inayopokea hewa ni ndogo. Luciano Gattinoni wa Italia, alipoyaangalia mapafu kama hayo kwa picha za CT miaka ya 1980, aliyaita pafu la mtoto, kwa kuwa kilichobaki kinafanya kazi kwa mtu mzima kinalingana na pafu la mtoto mdogo. Unapompa mama yule mililita 760, zote zinakwenda kwenye kile kipande. Mwaka 1974 Webb na Tierney waliwapumulia panya wazima kabisa kwa shinikizo la 45 bila PEEP, na ndani ya saa moja mapafu yao yalikuwa yamejaa maji. Hawakuwa wagonjwa. Mashine ndiyo iliyowafanya wagonjwa.

Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 2000 ndipo Wamarekani wakapima jambo hilo kwa wagonjwa 861: nusu wakapewa mililita 12 kwa kilo, kama ilivyokuwa desturi, nusu wakapewa 6. Waliopewa 12 walikufa asilimia 39.8. Waliopewa 6, asilimia 31. Dawa mpya hapakuwa na hata moja. Waligusa kitufe kimoja tu.

Mama huyu mwenye pumzi ndogo ya mililita 290 hawezi kuishi kwa pumzi 10 kwa dakika. Atahitaji 25, 28, hata kufika 35, na kwake hewa itatoka upesi kwa kuwa mapafu yake ni magumu na hujikunja haraka. Pumzi 28 zilizousimamisha moyo wa fundi zingemfaa yeye. Na PEEP ambayo fundi hakuihitaji, yeye anaihitaji kweli, 10 au zaidi, kwani ndiyo inayovizuia vifuko vyake visizame. Ukiona oksijeni yake iko chini, shika viwili: asilimia ya oksijeni na PEEP. Ukiona hewa ukaa, shika viwili vingine: ukubwa wa pumzi na idadi yake. Nimeona madaktari wakihangaika kuongeza idadi ya pumzi ili kupandisha oksijeni, wakashangaa haipandi. Vitufe hivyo havihusiani na shida ile. Na lengo la oksijeni kwa mgonjwa kama huyu si 100. Kati ya 88 na 95 inatosha.

Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote, jiulize huyu aliyelala hapa amezuiwa nini. Amekosa misuli, kama wagonjwa wa Copenhagen? Ana mapafu magumu yasiyotaka kujaa? Au ana njia zilizobana, hewa inaingia haitoki? Ukijibu hilo, namba zitakuja zenyewe, na ukikosea kidogo utarekebisha. Na usilijibu ukiwa umesimama mbele ya skrini. Funua shuka. Angalia kifua kinavyopanda, kisha baki hapo hapo ukiangalia kinavyoshuka.

Moyo wa fundi uliendelea kupiga. Tulimrudisha kwenye mashine kwa pumzi 8, baadaye 10, daktari wa usingizi akiwa kwenye simu hadi alfajiri, na kifua kikafunguka vizuri sana siku ya pili. Yeye mwenyewe hakuamka. Siku ya tano alifariki.

Wiki mbili baada ya maziko mama yake alikuja kuchukua karatasi. Alinikuta kwenye benchi la nje ya wodi, nikamwamkia, akakaa kando yangu.

"Dokta," alisema, "usiku ule mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kitu kinatoa pumzi, muda mrefu. Kilikuwa nini?"

Ningeweza kumwambia ni mashine, naye angeondoka na jibu hilo.

"Ilikuwa pumzi ya mwanao, mama. Ilizuiliwa ndani. Mimi ndiye niliyeizuia, sikujua."

Alikaa kimya akiutazama mlango.

"Kwa dakika ngapi?"

"Tangu presha ilipopotea mpaka tulipomtoa, kumi na moja."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu na ile bahasha ya karatasi za mwanawe, akaigeuza upande usio na maandishi na kuniwekea gotini.

"Niandikie," akasema.

Nikaandika.